Linksi Amerudi, Maji Yanakwenda

Mnamo mwezi wa Juni mwaka 2024, Umoja wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mazingira, ule uitwao IUCN kwa ufupisho wake, ulitangaza habari ambayo wapenzi wa wanyama wa mwitu katika Hispania na Ureno walikuwa wakiingoja kwa miaka na miaka: kwamba linksi wa Iberia, yule paka wa mwituni mwenye ndevu mashavuni na vishungi vyeusi juu ya masikio, ametolewa katika daraja ya viumbe walio hatarini kutoweka na kuteremshwa hadi daraja iliyo nyepesi kuliko hiyo. Asiyeijua kadhia hii huenda akadhani kwamba ni mabadiliko ya maandishi tu katika daftari la wataalamu, lakini aliyeifuatilia tangu mwanzo atakiri kwamba hajapata kusikia paka mwingine yeyote, katika bara lolote, aliyevutwa kutoka ukingoni mwa kaburi namna hii kwa juhudi za binadamu. Mwaka 2002 walipohesabiwa, linksi waliokomaa hawakufika mia moja, nao walikuwa wamesalia mahali pawili tu katika dunia nzima, yaani katika milima ya Sierra Morena na katika nyika ya Doñana, zote zikiwa katika jimbo la Andalusia, kusini mwa Hispania. Hesabu ya mwaka 2023, pamoja na watoto wa mwaka ule, ilitoa linksi 2,021, na 291 miongoni mwao walikuwa ng'ambo ya mpaka, katika ardhi ya Ureno.

Nami naifurahia habari hiyo kama ipasavyo kufurahiwa, maana neema ya aina hii haitufikii mara nyingi. Hata hivyo nataka kuandika leo juu ya jambo ambalo furaha ile imelifunika, nalo ni hali ya Doñana yenyewe, mojawapo ya maskani mawili ambamo linksi alijificha wakati dunia ilipokuwa imemchoka; kwa sababu katika miaka ile ile ambayo mnyama huyu alikuwa akiongezeka, maji ya nchi ile yalikuwa yakipungua, na sababu ya kuongezeka kwake na sababu ya kupungua kwa maji zote zinatoka mikononi mwa serikali zile zile. Hayo ndiyo yanayonishughulisha, na msomaji ataniwia radhi nikianza mbali kidogo.

Linksi wa Iberia si mnyama wa kutisha. Dume lililokomaa halizidi sana kilo 13 au 14, nalo halina haja na ng'ombe wala na mtu, kwani riziki yake karibu yote ni sungura; sungura mmoja kwa siku humtosha mkubwa, na mama mwenye watoto huhitaji watatu hivi. Mnyama aliyejifunga kwa kitoweo kimoja husimama na kuanguka pamoja na kitoweo hicho, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1952 daktari mmoja Mfaransa, Paul-Félix Armand-Delille, alipochoshwa na sungura waliokuwa wakimharibia mazao katika shamba lake la Maillebois, aliwadunga sungura wawili virusi vya ugonjwa wa miksomatosi, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini, kisha akawaachilia, akidhani kwamba ukuta wa shamba utauzuia ugonjwa. Mwaka uliofuata ugonjwa ule ulikuwa umekwisha kuvuka milima na kuingia Hispania, na sungura wakafa kwa halaiki. Na walipoanza kujipatia kinga kidogo, mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaja ugonjwa mwingine wa kuvuja damu ukawakumba upya. Fauka ya hayo, serikali ya Jenerali Franco ilikuwa imeunda tangu mwaka 1953 kamati za kuangamiza wanyama waliohesabiwa kuwa waharibifu, zikitoa bakshishi kwa kila aliyeleta mzoga, na linksi akawamo katika hesabu ya maadui. Sheria ya kumlinda ilipopitishwa mwaka 1973, sehemu kubwa ya makao yake ilikuwa imekwisha kugeuzwa misitu ya mikalitusi, mashamba na barabara.

Namna alivyookolewa ni hadithi inayostahili kusimuliwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake hamna muujiza hata mmoja. Wataalamu walianza na sungura kabla ya linksi: waliwajengea mashimo ya kuzalia, waliwapandia majani, waliwahamisha kutoka walikojaa na kuwapeleka walikokwisha. Kisha wakawaendea wenye ardhi, maana misitu mingi ya kusini mwa Hispania ni mali ya watu binafsi na ya vyama vya wawindaji, wakafanya nao mapatano kwa maandishi, kwamba mwenye shamba atamwacha linksi na sungura wake kwa amani, naye atapewa msaada wa kulitunza shamba. Hapo ndipo palipohitajika busara kuliko elimu. Mwindaji ambaye babu yake alilipwa kwa ngozi ya linksi aliombwa aone fahari kwamba linksi anazaa katika shamba lake. Na wengi, kwa insafu yao, waliona fahari hiyo.

Palikuwa na kazi nyingine iliyofanyika ndani ya vyumba na nyua. Katika kituo cha El Acebuche, pembeni mwa Doñana, tarehe 28 Machi mwaka 2005, jike mmoja aitwaye Saliega alizaa watoto watatu, nao walikuwa linksi wa kwanza wa jamii hii kuzaliwa mikononi mwa watu. Watunzaji hawakumkaribia, walimtazama kwa kamera, usiku na mchana, wakiandika kila anyonyeshapo na kila alambapo watoto wake. Ilipofika yapata wiki ya sita, wale watoto, waliokuwa wakicheza kama wachezavyo watoto wa paka, waligeukiana ghafla kwa meno, na mmoja wao akafa. Msiba ule uliwafadhaisha sana waliokuwapo, lakini haukupotea bure, kwa sababu kutokana nao ilitambulikana kwamba watoto wa linksi wana kipindi chao cha ukali, ambacho huja karibu na umri ule na kupita, na tangu hapo watunzaji walijua siku za kukesha na namna ya kuwaamua. Vituo vikaongezeka, cha La Olivilla huko Jaén, cha Zarza de Granadilla huko Extremadura, na cha Silves kusini mwa Ureno. Na waliozaliwa humo wakafundishwa kuwinda bila kumzoea mtu, wakafunguliwa katika mabonde ambamo jamaa zao walikuwa wametoweka. Karibu na mji wa Mértola, katika bonde la mto Guadiana, Wareno waliwaachilia wa kwanza mwishoni mwa mwaka 2014, na leo wapo wazaliwa wa mwituni wasiopata kuona ua. Adui wao mkubwa sasa ni gari, maana linksi kijana anayetafuta nchi yake hutembea mbali usiku na kukatiza barabara kuu, ijapokuwa wamechimbiwa njia za kupitia chini kwa chini.

Kazi hii iligharimu fedha nyingi, sehemu kubwa ikitoka katika mfuko wa Umoja wa Ulaya, nayo ilishika mwendo mmoja kwa zaidi ya miaka 20, serikali za mrengo huu zikiondoka na za mrengo ule zikija. Hilo ndilo nililolipenda kuliko yote. Watu waliopingana karibu katika kila jambo walikubaliana kwamba linksi asife.

Sasa tuitazame Doñana. Mto Guadalquivir unapokaribia bahari ya Atlantiki hukuta ukanda mrefu wa mchanga uliouzibia njia, na nyuma ya mchanga huo pametandazwa nchi tambarare ambayo wakati wa masika hugeuka ziwa lisilo na kina, na wakati wa kiangazi hukauka na kuwa uwanja wa udongo. Upande wa mchanga kuna vilima vinavyohamahama kwa upepo, misonobari, vichaka, na katikati yake vidimbwi na maziwa madogo mamia kwa mamia, yanayotokea pale ambapo maji ya chini ya ardhi yanagusa uso wa nchi. Ndege wa Ulaya ya kaskazini hushukia huko kuikimbia baridi, bata bukini kwa maelfu na bata wa kila namna, na heroe nao wapo. Na ndege wanaosafiri kati ya Ulaya na Afrika ya Magharibi hupumzika huko kabla ya kuvuka bahari na jangwa au baada ya kuvuka. Tai wa kifalme wa Hispania huzaa huko vilevile. Mahali kama hapo katika Ulaya ni pachache mno.

Mwaka 1957 walifika huko wataalamu wa Kiingereza chini ya uongozi wa Guy Mountfort, mfanyabiashara aliyependa ndege, na miongoni mwao alikuwamo Julian Huxley, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO. Miaka mitatu baadaye Huxley huyo huyo alitumwa Afrika ya Mashariki na ya Kati kuchunguza hali ya wanyama, na makala alizoandika katika gazeti la The Observer ndizo zilizowasha moto uliozaa mfuko wa WWF mwezi wa Septemba mwaka 1961, Mountfort akiwa mmoja wa waasisi. Mwezi ule ule, katika mkutano uliofanyika Arusha, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Waziri Mkuu wa Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru, alitoa tamko mashuhuri la kuahidi kwamba nchi yake itawahifadhi wanyama wake kama amana kwa ajili ya wajukuu. Mwaka 1963 WWF ilishirikiana na serikali ya Hispania kununua sehemu ya ardhi ya Doñana, kwa juhudi hasa za mtaalamu wa viumbe José Antonio Valverde. Na mwaka huo huo 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka, karibu na Moshi, kufundisha Waafrika kazi ya hifadhi. Kwa hiyo Doñana na mbuga zetu ni ndugu wa malezi. Zilitetewa na watu wale wale, kwa maneno yale yale, mbele ya wafadhili wale wale. Na ahadi iliyotolewa Arusha, ambayo wananchi wetu wengi wameilipia kwa kuhamishwa katika malisho yao, inatupa haki kamili ya kuuliza kama wenzetu nao wametimiza yao.

Ahadi yao, kwa upande wa karatasi, haina kasoro. Doñana ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1969, ikaingizwa katika mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 1982, ikawa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994. Hata ajali ya mwaka 1998, pale lambo la machimbo ya Aznalcóllar lilipopasuka na kumwaga mamilioni ya mita za ujazo za matope na maji yenye sumu katika mto Guadiamar, ilizuiwa isiifikie sehemu kubwa ya hifadhi, na bonde lililochafuliwa likasafishwa. Viumbe wa kigeni wameingizwa pia, kama kamba wa maji baridi wa Louisiana, aliyeletwa mwaka 1974 kwa ajili ya biashara akaenea kila mfereji, ambaye wavuvi wa Ziwa Naivasha wanamjua vizuri, maana kwao aliingizwa mwaka 1970. Lakini haya yote ni maradhi ya pembeni. Maradhi yenyewe yako chini ya ardhi.

Mchanga wa Doñana umebeba chini yake hazina ya maji inayoenea mbali kuliko mipaka ya hifadhi, chini ya wilaya za Almonte, Moguer, Lucena del Puerto na nyinginezo za mkoa wa Huelva. Na juu ya hazina hiyo, tangu miaka ya 1970 na 1980, yameenea mashamba ya stroberi na matunda ya jamii yake, yaliyofunikwa kwa mahandaki ya plastiki nyeupe. Stroberi karibu zote za Hispania hutoka mkoa huu, nazo huuzwa Ujerumani, Ufaransa na Uingereza kuanzia katikati ya majira ya baridi. Zimewapatia watu riziki katika mkoa uliokuwa maskini, nami sitaki kulidharau hilo. Wapo wakulima wengi wenye vibali halali, na wapo maelfu ya vibarua, wakiwamo wanawake wanaoletwa kila mwaka kutoka Morocco kwa kazi ya kuvuna, ambao hawana kauli katika shauri lolote. Lakini wapo na waliochimba visima usiku bila idhini, wakalima mahali pasipo na ruhusa ya kumwagilia, wakijua kwamba kesi zitachukua miaka na kwamba huenda siku moja wakahalalishwa. Na upande wa bahari kuna mji wa mapumziko wa Matalascañas, uliojengwa ukutani mwa hifadhi, ambao wakati wa kiangazi hufurika watu na kuvuta maji yake chini ya maziwa yale yale.

Kubwa kati ya maziwa hayo ni la Santa Olalla. Hilo ndilo lililokuwa kimbilio, maana hata katika mwaka wa ukame, vidimbwi vyote vikiisha kukauka, ndege na samaki na kasa wa maji baridi walibakia humo. Katika nusu karne lilikuwa limekauka mara mbili tu, mwaka 1983 na mwaka 1995. Mwezi wa Septemba mwaka 2022 likakauka tena: likapungua hadi likawa dimbwi, dimbwi likawa matope, na matope yakapasuka vipande vipande, yakiacha ukoko mweupe wa chumvi na nyayo za paa waliokuja kutafuta maji wasiyapate. Wakati ule ilisemwa, na kwa haki, kwamba miaka ilikuwa ya ukame. Lakini mwaka 2023 likakauka mara ya pili mfululizo, na mwaka 2024 mara ya tatu, jambo ambalo halikuwa limeandikwa tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa. Na watafiti wa Kituo cha Biolojia cha Doñana, ambao wamekuwa wakiyapima maziwa hayo kwa miongo mingi, walieleza kwamba zaidi ya nusu ya vidimbwi vya mchangani vilikuwa havijajaa tangu mwaka 2013, na kwamba uhaba wa mvua peke yake hauwezi kueleza hali hiyo. Mvua ikipungua, hazina iliyo chini huyashika maziwa; hazina ikipungua pia, hakuna cha kuyashika.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililiona hilo. Tarehe 24 Juni mwaka 2021 ilihukumu kwamba Hispania imekiuka sheria za Umoja kwa kutoyahesabu maji yaliyovutwa bila idhini, na kwa kutochukua hatua za kuyalinda makao ya viumbe wa Doñana yasiharibike. Ungedhani kwamba baada ya hukumu ya namna hiyo mambo yangenyooka. Kinyume chake, mwaka 2023 Bunge la Andalusia lilianza kuujadili mswada wa kupanua haki ya umwagiliaji kandokando ya hifadhi, na ilibidi wanasayansi, Tume ya Ulaya na UNESCO wapige kelele kwa muda wa miezi mingi kabla ya mswada huo kuwekwa kando, na mwezi wa Novemba serikali ya Madrid na ya Andalusia zikatia saini mapatano ya euro bilioni 1.4, pamoja na fidia kwa wakulima watakaoacha kumwagilia.

Hapa ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Serikali iliyokuwa na subira ya kukesha mbele ya kamera ili kujua watoto wa linksi hugombana katika wiki ya ngapi ilikuwa na uwezo wa kuhesabu visima. Nyumba ambamo wakubwa wanamuuguza mtoto usiku kucha, huku mchana wakiwaacha majirani watoboe mtungi wa maji yake, haitasifiwa kwa uuguzi. Tofauti ya mambo haya mawili ni dhahiri: linksi hakuwa na mdai. Aliporudishwa, hakuna aliyepoteza mavuno wala kura, isipokuwa mwindaji mmoja mmoja, naye aliridhishwa. Maji yana wadai, tena wenye sauti, wanaomjua diwani na mbunge kwa jina. Na kila mara palipotakiwa mtu wa kuwaambia hapana, aliyetakiwa aliona heri aunde kamati. Ndiyo maana naona kwamba hesabu ya viumbe walio hatarini, ijapokuwa ina faida kubwa, inaweza kutudanganya juu ya uzima wa nchi. Linksi wanaongezeka kwa sababu wengi wao leo wanaishi milimani Castilla-La Mancha na Sierra Morena na bondeni Guadiana, ambako maji si tatizo la aina hii. Bata, kasa, vyura na majani ya majini ya Doñana hawana mlima wa kuhamia, na hapana kituo kitakachowazalisha wote na kuwaachilia.

Mwezi wa Machi mwaka 2025 mvua ilinyesha kwa wingi, uwanda wa Doñana ukafurika, na ndege wakarudi kwa makundi. Picha zake zilifurahisha mno, na mara zikaanza kusikika sauti kwamba hatari imepita. Haikupita. Maji ya juu hujaa kwa mwezi mmoja, na hazina ya mchangani, iliyovutwa kwa miaka 40, itahitaji miaka mingi ya kuachwa ipumzike.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka wa Andalusia na Madrid waanze na lililo jepesi kisheria na zito kisiasa, yaani kuviziba visima vyote visivyo na kibali, bila kungoja kesi ya mwisho imalizike, na kuuondoa mji wa Matalascañas katika hazina ile kwa kuuletea maji ya mahali pengine. Fidia iwafikie wakulima wadogo kwanza, na vibarua wasisahauliwe, maana watu hao hawakuchimba kisima hata kimoja. Na kwa Waswahili wenzangu mnaoishi London, Berlin, Paris na kwingineko, ambao mwezi wa Februari mnaikuta stroberi ya Huelva dukani ikiwa nyekundu na ya bei nafuu: mwulizeni mwenye duka kama shamba ililotoka lina kibali cha maji, na asipoweza kujibu, mwandikieni aliyemuuzia. Maduka makubwa ya Ulaya yalikwisha kupeleka barua kwa wakuu wa Andalusia juu ya maji ya Doñana, na wateja wakinyamaza hayatapeleka tena.